Bima imekataa kulipia upasuaji wa mwanangu: nani anasema kweli?

*"Habari za kazi. Naishi karibu na Dallas, nahudumia wazee kwenye kituo cha matunzo, na bima yangu ya kazini inatuhudumia mimi, mume wangu na watoto. Mwanangu wa kwanza ana miaka 23. Alizaliwa msichana, lakini tangu mwaka juzi anaishi kama mwanaume na anachoma sindano za testosteroni, ambazo bima imekuwa ikizilipia bila maneno. Sasa daktari ameomba afanyiwe upasuaji wa kuondoa matiti na bima imekataa. Barua inasema huduma hiyo 'haikuthibitishwa kuwa ya lazima kitabibu'. Mwenzangu kazini anasema Obamacare inawalazimisha kulipa. Mwingine anasema Trump ameshapiga marufuku mambo haya yote. Mume wangu anasema ni upasuaji wa urembo, na watu kama hawa ndio wanaotupandishia makato ya bima. Rafiki yangu wa Minneapolis ana mpwa aliyelipiwa kila kitu. Mimi mwenyewe, nasema kweli, moyo haujatulia na jambo hili. Ila sitaki mwanangu aingie kwenye deni la maisha au aende kukatwa na daktari wa bei rahisi nje ya nchi. Nani anasema kweli?"*

Dada yangu, pole kwa mzigo huu, na umefanya vema kuuliza kabla ya kuitupa hiyo barua. Waliokushauri, kila mmoja kashika kipande cha habari akakifanya habari nzima. Huyo wa Obamacare, ile sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, anakumbuka kanuni ya mwaka 2016. Huyo wa Trump amesikia amri ya Januari 2025 bila kusikia inamhusu nani. Mumeo anarudia hoja ambayo kampuni za bima zenyewe ziliitumia kwa miaka mingi. Na mpwa wa Minneapolis kalipiwa kweli, lakini kilichomsaidia yeye huenda kisikufae wewe hata ungehamia mtaa wake.

Unachouliza kina maswali mawili ndani yake: je, bima yako inalazimika kulipa? Na je, inastahili kulipa? Hilo la pili ndilo linalogombaniwa bungeni, mahakamani na, naona, hata mezani kwako wakati wa chakula. La kwanza ndilo lenye tarehe ya mwisho, kwa hiyo naanza nalo.

Chukua kadi yako ya bima. Ina nembo ya kampuni kubwa, na bila shaka unaamini kuwa kampuni hiyo imekataa kutoa pesa zake. Huenda sivyo. Zaidi ya nusu ya Wamarekani wenye bima ya kazini wako kwenye mipango ambayo mwajiri mwenyewe ndiye anayelipa matibabu kutoka kwenye mfuko wake. Kampuni ya bima imekodiwa tu kupokea madai, kuyakagua na kuandika hundi. Ni kama chama cha akina mama kilichomwajiri mhasibu: mhasibu ndiye anayekukabidhi pesa, lakini pesa ni za chama na kanuni ni za chama. Kuna aina ya pili, ambapo mwajiri ananunua bima kamili na gharama zikizidi hasara inaiangukia kampuni ya bima. Kadi za aina hizi mbili zinafanana kabisa. Wafanyakazi wengi hawajui wako upande gani, na hata baadhi ya maofisa wa utumishi wanaulizana wenyewe kwa wenyewe.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni sheria ipi inakulinda. Sheria ya shirikisho iitwayo ERISA, ya mwaka 1974, inazuia majimbo kuingilia mipango ambayo mwajiri anajilipia mwenyewe. Jimbo linaweza kuzitungia kanuni bima zile zinazonunuliwa tu. Minnesota, jimbo la huyo rafiki yako wa Minneapolis, imeagiza bima zilizo chini ya mamlaka yake zilipie matibabu ya kubadili jinsia pale yanapokuwa ya lazima kitabibu. Texas, jimbo lako, haijaagiza hivyo. Lakini mtu wa Minneapolis anayefanyia kazi kampuni inayojilipia hawezi kuitegemea sheria ya Minnesota. Anategemea mwajiri wake ameamua nini. Vilevile mtu wa Dallas aliyeajiriwa na kampuni kubwa ambayo imechagua kulipia huduma hii anaweza kulipiwa bila sheria yoyote ya Texas kumlazimisha mwajiri. Ndiyo maana majirani wawili wa mtaa mmoja wanaweza kupata majibu tofauti, na kila mmoja akaapa kuwa yeye ndiye anayeijua sheria.

Kuhusu Texas yenyewe nikuondolee hofu moja. Sheria ya mwaka 2023 inayokataza matibabu haya inawahusu walio chini ya miaka 18. Mwanao ana 23. Mwaka 2025 jimbo lilipitisha sheria nyingine: bima iliyo chini ya mamlaka yake ikilipia kubadili jinsia, lazima ilipie pia matatizo yanayoweza kufuata, na gharama za mtu anayetaka kurudi alikotoka. Walioitunga wanasema wanawalinda wanaojuta. Wanaoipinga wanaona ni njia ya kuzifanya kampuni ziogope kulipia kabisa. Naona pande zote mbili zina ukweli hapo, na sheria yenyewe haikukatazi kitu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuandika barua, au barua pepe, kwa ofisi ya utumishi kazini kwako na kuuliza mambo mawili: mpango wetu unalipiwa na mwajiri au umenunuliwa? Na naomba hati kamili ya maelezo ya mpango. Usikubali kijitabu cha picha chenye familia inayocheka. Chini ya ERISA wanapaswa kukupa hati hiyo ndani ya siku 30 tangu uombe kwa maandishi. Ikifika, ruka kurasa za mbele uende moja kwa moja kwenye orodha ya huduma zisizolipiwa. Kama mwajiri wako ni taasisi ya dini, na vituo vingi vya matunzo ya wazee ni vya makanisa, isome sehemu hiyo kwa makini zaidi. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa inayoihudumia Texas iliamua kwamba kampuni ya Braidwood, ambayo mmiliki wake anaiendesha kwa misingi ya Kikristo, haiwezi kulazimishwa kufuata tafsiri ya sheria ya ajira inayokwenda kinyume na imani hiyo kwenye masuala ya jinsia.

Sasa tuje kwenye maneno ya barua. Bima hukataa kwa njia mbili ambazo kwa mgonjwa zinafanana lakini kisheria ziko mbali. Njia ya kwanza ni kusema: mpango huu haulipii matibabu ya kubadili jinsia, basi. Hapo hata daktari akiandika barua ya kurasa kumi haisaidii, kwa sababu hakuna anayebishana naye kuhusu afya ya mgonjwa. Ugomvi ni wa mkataba na sheria. Njia ya pili ni kusema: tunalipia huduma ya aina hii, ila hujatuonyesha kwamba mgonjwa huyu anaihitaji. Barua yako ni ya njia ya pili. Hiyo ni habari njema kuliko unavyodhani.

Nikutahadharishe lakini. Usichukulie kwamba kwa kuwa testosteroni imelipiwa, basi upasuaji nao umo kwenye mafao. Madai ya dawa hupita mlango mwingine, kwa kampuni inayoshughulikia dawa peke yake, na testosteroni huandikiwa pia wanaume wengi wenye upungufu wa homoni hiyo. Inaweza kupita miaka bila mtu kuuliza ni ya nini. Upasuaji ukiombwa ndipo faili linafunguliwa. Ndiyo maana nasisitiza ile hati.

Mkaguzi akilifungua faili anatafuta nini? Kampuni nyingi hutunga vigezo vyao kwa kufuata miongozo ya WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia, ambacho kilitoa mwongozo wake wa kwanza mwaka 1979 na wa nane mwaka 2022. Kwa upasuaji wa kifua kwa mtu mzima wanataka kuona utambuzi wa disforia ya jinsia, yaani dhiki nzito na ya kudumu inayotokana na mwili wa mtu kutolingana na anavyojitambua; uthibitisho kwamba anaelewa anachokubali; kwamba maradhi mengine, ya mwili au ya akili, yako chini ya uangalizi; na barua ya mtaalamu aliyemfanyia tathmini. Penye barua ndipo wengi wanapokwama. Imesahaulika kuambatanishwa, au ni ya zamani kuliko kampuni inavyokubali, au inasema mengi mazuri kuhusu mgonjwa bila kuutaja utambuzi wenyewe. Daktari wa upasuaji anaweza kuwa bingwa wa kisu na ofisi yake ikawa hodari wa kupoteza karatasi.

Mwanao ana haki ya kuomba, bila malipo, faili zima la dai pamoja na vigezo vilivyotumika kulikataa. Aombe. Kisha mkae na ofisi ya daktari mlinganishe kigezo kimoja kimoja na kilichoandikwa. Pengo mtaliona. Hakikisheni rufaa yenu inajibu pengo hilo hilo, msiandike hotuba ya haki za binadamu. Rufaa ya ndani mna siku 180 kuiwasilisha tangu mpokee barua ya kukataliwa. Kwa kuwa upasuaji haujafanyika, wanapaswa kujibu ndani ya siku 30. Wakikataa tena kwa sababu hiyo hiyo ya kitabibu, mnaweza kuomba ukaguzi wa nje ndani ya miezi 4. Faili linakwenda kwa wakaguzi huru wasio waajiriwa wa bima, nao uamuzi wao unaibana bima. Kwa kukataliwa kwa njia ya kwanza, ule wa "mpango haulipii", mlango huu wa nje kwa kawaida haufunguki.

Kwenye soko la bima la serikali, HealthCare.gov, wanaokata rufaa baada ya dai kukataliwa hawafiki hata 1 kwa 100. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo ofisi ikisema hapana unatafuta mtu unayemjua ndani, au unaitisha mchango wa ndugu na marafiki. Hapa hapana ya kwanza ni sehemu ya utaratibu. Wanaoelewa hivyo wanarudi. Sikuahidi mtashinda, kwenye soko hilo hilo rufaa za ndani zaidi ya nusu hushindwa. Lakini rufaa inayojaza pengo la karatasi ina nafasi nzuri kuliko nyingi.

Obamacare sasa. Sheria ile ya 2010 ina kifungu, cha 1557, kinachokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye huduma za afya. Hakitaji watu waliobadili jinsia. Serikali ya Obama ilitunga kanuni mwaka 2016 iliyosema kuzitenga huduma zote za kubadili jinsia ni ubaguzi; siku ya mwisho ya mwaka huo huo jaji wa shirikisho hapo hapo Texas, Reed O'Connor, aliizuia. Serikali ya Trump ikaiondoa mwaka 2020. Ya Biden ikairudisha mwaka 2024, na mahakama zikaisimamisha kabla haijashika kasi. Mwenzako wa kazini hakukosea kwamba kitu hicho kiliwahi kuandikwa. Kifungu kipo mpaka leo, ila maana yake imekuwa ikibadilika na rais.

Mahakamani nako upepo uligeuka. Mwaka 2020, kwenye kesi ya Bostock, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba kumfukuza mtu kazi kwa kuwa amebadili jinsia ni ubaguzi wa kijinsia. Mawakili wengi wakadhani bima za kazini zitafuata mkondo huo. Aprili 2024 mahakama ya rufaa ya kanda ya 4 iliwapa ushindi wafanyakazi wa jimbo la North Carolina na wagonjwa wa West Virginia wanaotibiwa kwa Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Kisha Juni 18, 2025 ikatoka hukumu ya Skrmetti. Mahakama ya Juu, tena kwa 6 dhidi ya 3, iliiacha sheria ya Tennessee inayokataza dawa za kusimamisha balehe na homoni kwa watoto wanaotaka kubadili jinsia, ikisema sheria hiyo inatenganisha watu kwa umri na kwa aina ya tiba, wala si kwa jinsia yao. Siku chache baadaye kesi ya kanda ya 4 ikarudishwa chini iangaliwe upya.

Kesi nyingine ya bima ya kazini ni ya Georgia. Anna Lange, askari wa ofisi ya sherifu wa Houston County, aliomba mpango wa bima wa kaunti umlipie upasuaji wa kubadili jinsia. Mpango ulikuwa umetenga huduma hiyo kwa maandishi. Alishinda mara mbili, kisha Septemba 2025 majaji wote wa kanda ya 11 walikaa pamoja na wengi wao wakaamua kwamba mpango unaomnyima kila mtu huduma ile ile haumbagui yeyote. Hukumu hiyo haiifungi Texas, ambayo iko kanda ya 5, lakini waajiri wote wameisoma. Kuna kitu kingine ndani ya kesi hiyo ambacho napenda mumeo akijue. Waandishi wa habari waliofuatilia hesabu walikuta kaunti imetumia zaidi ya dola milioni 1 kwa mawakili ili isilipie upasuaji uliokadiriwa kama dola 25,000. Ugomvi haukuwa wa pesa.

Kuhusu Trump nitakwenda haraka, maana kwako hakugusi sana. Amri ya Januari 28, 2025 inawalenga walio chini ya miaka 19. Kwa watu wazima kilichobadilika ni kwingine. Kuanzia 2026 mipango ya bima ya wafanyakazi wa serikali ya shirikisho na wa posta hailipii homoni wala upasuaji wa kubadili jinsia kwa umri wowote. Ushauri nasaha umebaki, na waliokuwa katikati ya matibabu wamewekewa utaratibu wa kuomba waendelee kulipiwa. Kwenye soko la Obamacare, kuanzia 2026, matibabu haya hayahesabiwi tena kuwa sehemu ya mafao ya lazima. Kampuni inaweza bado kuyalipia, ila ikifanya hivyo ule ukomo wa mwaka unaomlinda mgonjwa asilipe kupita kiasi fulani si lazima uyahusu. Lilikuwepo pia pendekezo bungeni la kuzuia pesa za Medicaid zisitumike kwa matibabu haya. Halikuingia kwenye sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025. Bima ya mwajiri binafsi kama wako haijapigwa marufuku.

Nirudi kwa mumeo, na naomba umsomee sehemu hii kwa upole, kwa sababu wasiwasi wake si wa kijinga. Neno "urembo", kama neno "majaribio", lina historia. Mwaka 1981 ripoti ya serikali ilisema upasuaji wa kubadili jinsia bado ni wa majaribio, Medicare, bima ya serikali ya hasa wazee, ikakataa kuulipia kwa hoja hiyo, na kampuni za bima zikainukuu hoja hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2014 Denee Mallon, askari mstaafu wa jeshi mwenye miaka 74 kutoka Albuquerque, aliipinga, na bodi ya rufaa ya Wizara ya Afya ikaliondoa katazo hilo kwa kuwa ushahidi uliolibeba ulikuwa umepitwa na wakati. Hata hivyo mwaka 2016 Medicare hiyo hiyo ilikataa kutoa agizo la kulipia kila mahali, ikaacha kila ombi liamuliwe peke yake. Katazo lilianguka, lakini agizo la kulipa halikuja.

Mumeo akumbuke pia kwamba mwanamke aliyeondolewa titi kwa saratani, akitaka kutengenezewa jingine, naye aliambiwa na bima nyingi kuwa huo ni urembo. Ilibidi Bunge la Marekani litunge sheria mwaka 1998 kulazimisha mipango inayolipia kuondoa titi ilipie na kulitengeneza. Titi jipya haliponyi saratani. Bunge liliamua kwamba kurudisha umbo la mtu ni sehemu ya kumtibu, na leo hakuna anayebisha. Mumeo anaweza kujibu, na ni jibu zuri, kwamba saratani inaonekana kwenye picha na vipimo ilhali disforia inategemea maelezo ya mgonjwa na tathmini ya mtaalamu. Kweli. Ndivyo ilivyo pia kwa sonona, kwa kipandauso na kwa maumivu mengi ya mgongo ambayo bima inayalipia kila siku.

Hoja ya makato, kwa upande mwingine, haina miguu. Jiji la San Francisco lilikuwa la kwanza Marekani kuwalipia wafanyakazi wake huduma hizi, mwaka 2001. Likaogopa gharama, likamkata kila mwanachama nyongeza kidogo kila mwezi. Miaka mitano baadaye lilikuwa limekusanya zaidi ya dola milioni 5 na kulipa madai yasiyofika dola laki 4, kisha likaifuta ile nyongeza. Upasuaji mmoja ni ghali. Wanaouhitaji ni wachache mno. Bima ya familia kazini iligharimu wastani wa dola 25,572 mwaka 2024, mwajiri na mfanyakazi wakichangia pamoja, na kinachoipandisha ni bei za hospitali na dawa mpya za bei mbaya. Mumeo akimtafuta anayempandishia makato, aanzie huko.

Ubishi wenye uzito ni wa ushahidi wa kitabibu. Chama cha madaktari wa Marekani, AMA, kimeunga mkono bima kulipia matibabu haya tangu 2008, kikisema yanapunguza dhiki na madhara yake. Wapinzani wanasema tafiti nyingi ni za kuwafuatilia wagonjwa bila kundi la kulinganisha, na kwamba baadhi ya wagonjwa hupotea njiani bila kujulikana wameishia wapi. Wanasema kweli kuhusu udhaifu huo. Kwa watoto hoja yao imekuwa na nguvu zaidi: Finland mwaka 2020, Sweden mwaka 2022 na Uingereza baada ya ripoti ya daktari Hilary Cass ya Aprili 2024 zote zimepunguza sana dawa za kusimamisha balehe na homoni kwa walio chini ya umri. Lakini ripoti hizo zinazungumzia watoto. Uingereza hiyo hiyo inaendelea kuwatibu watu wazima kwa pesa za umma, ingawa foleni yake ni ya miaka.

Ukiniuliza nasimama wapi, kwa mtu mzima naona bima itumie kipimo kile kile inachotumia kwa wengine. Kama ushahidi wa wastani unatosha kulipia kuunganisha pingili za uti wa mgongo kwa mtu mwenye maumivu ya siku nyingi, unatosha na hapa. Kwa watoto nina tahadhari kubwa zaidi, na ningependa bima ziwe wepesi kulipia tathmini ndefu na ushauri nasaha kabla ya kitu kingine chochote. Najua wapo watakaonipinga pande zote mbili.

Majuto yapo pia, na sitakuficha. Wanaojuta baada ya upasuaji wa kifua ni wachache kwenye tafiti zilizopo, lakini wapo, na kilichokatwa hakirudi kilivyokuwa. Hilo ni jambo la mwanao kulizungumza na mtaalamu wake akiwa peke yake, bila wewe, bila baba yake, na bila bima kumharakisha. Miezi ya kusubiri rufaa si lazima iwe ya kupotea. Na wewe huhitaji kuwa umeshamaliza kubishana na moyo wako ndipo umsaidie kupanga karatasi. Hayo ni mambo mawili, na la karatasi haliwezi kusubiri.

Rufaa ikigonga mwamba? Mwanao anaweza kubaki kwenye bima yako mpaka afikishe miaka 26, lakini hakuna kinachomzuia kujiunga na bima ya mwajiri wake mwenyewe kama yake inalipia. Akiamua kulipa taslimu, aombe bei kwa maandishi ya vitu vitatu kando kando: daktari wa upasuaji, mtu wa nusukaputi, na chumba cha upasuaji, maana bei nzuri inayotangazwa mara nyingi ni ya daktari peke yake. Atunze risiti. Mwaka 2010 mahakama ya kodi ya Marekani, kwenye kesi ya Rhiannon O'Donnabhain, ilikubali homoni na upasuaji wa kubadili jinsia kuwa gharama za matibabu zinazopunguzwa kwenye kodi, ingawa ilikataa upasuaji wake wa kuongeza matiti. Mhasibu wa kodi aangalie hali yake ilivyo sasa. Kwenda kukatwa nje ya nchi sikukatazi moja kwa moja, wapo madaktari hodari huko, ila kidonda kikivimba akiwa ameshapanda ndege kurudi, kumpata daktari wa Dallas atakayeishughulikia kazi ya mwingine ni shida, na bima inaweza kuanza ubishi mpya. Na kwa vyovyote asinunue testosteroni mtandaoni bila daktari. Mbali na kwamba sheria inaidhibiti, dawa hiyo huongeza chembe nyekundu za damu na lazima damu ipimwe kila baada ya muda.

Kuna wakati maneno yangu hayatoshi. Barua ikigeuka kuwa ya njia ya kwanza, "mpango haulipii", tafuta wakili wa masuala ya mafao ya kazini kabla ya kusaini kitu. Mashirika ya msaada wa kisheria huwa na wanaolijua jambo hili. Kama mpango unalipiwa na mwajiri, washauri wa mafao wa Wizara ya Kazi ya shirikisho wanapokea simu bure. Kama umenunuliwa, malalamiko yanakwenda Idara ya Bima ya Texas. Na ukiona mwanao amejifungia, halali, au anazungumza kana kwamba hatakuwepo kesho, achana na bima kabisa siku hiyo: pigeni 988, saa yoyote, au mpeleke hospitali wewe mwenyewe.

Jambo moja dogo litakalokukwamisha usipolijua. Ingawa makato yanatoka kwenye mshahara wako, mwanao ni mtu mzima na faili la afya ni lake. Ukiipigia bima simu watakujibu kwa adabu na hawatakuambia kitu. Asaini fomu ya kukuteua uwe mwakilishi wake kwenye rufaa, kama mwenyewe anataka. Kama hataki, aisimamie yeye na wewe umshikie kalenda. Na kama hataki taarifa za malipo ya matibabu yake zifike nyumbani kwa jina lako, anaweza kuiomba bima kwa maandishi izitume kwenye anwani anayoichagua. Hizo siku 180 zinahesabiwa tangu barua ilipowafikia, kwa hiyo andikeni leo, pembeni ya barua yenyewe, ni tarehe gani mliipokea.